Midomo Imevimba: Pesa Yako Iende Wapi Kwanza

Midomo ikivimba ghafla, wengi wetu tunakwenda duka la dawa la karibu, tunaonyesha uso, tunauziwa vidonge vya aleji. Mara nyingi hiyo inatosha. Lakini wapo wanaonunua vidonge hivyo mara ya pili, ya tatu, ya nne, kisha wanachomwa sindano, kisha wanalipia kipimo cha damu cha bei kubwa, na midomo inaendelea kuvimba kila baada ya wiki chache. Hao ndio walionifanya niandike. Pesa zinawaishia na hatari haijapungua hata kidogo, kwa sababu wanatibu sababu isiyokuwa yao. Ndiyo maana hapa chini sitalinganisha bei ya dawa na dawa tu. Nitalinganisha pia gharama ya kujua chanzo na gharama ya kubahatisha.

Kwanza, pale ambapo bei haiulizwi. Ikiwa midomo imevimba na mtu anapumua kwa mluzi au kwa kukoroma, sauti imebadilika, ulimi umejaa mdomoni, mate hayamezeki, anatapika, anaona kizunguzungu au ameishiwa nguvu, hiyo ni dharura ya dakika. Kinachookoa maisha katika mzio mkali ni adrenalini, na adrenalini ni miongoni mwa dawa za bei ndogo kabisa katika chumba cha sindano. Ni kichupa cha mililita moja chenye miligramu moja. Mtu mzima huchomwa nusu yake kwenye msuli wa paja upande wa nje, na dozi inaweza kurudiwa baada ya dakika 5 ikiwa hali haijatengemaa.

Basi ukichagua kituo, usichague kwa jengo wala kwa umaarufu. Zahanati ya serikali yenye adrenalini kabatini ni bora kuliko kliniki ya kifahari ambayo itakupa fomu ya kujaza na kukuandikia rufaa. Mwenye mtoto au mzazi anayepata mzio wa karanga, samaki, dagaa, kamba au nyuki afanye uchunguzi huu mapema, siku ambayo hakuna anayeumwa: apite kwenye vituo vilivyo karibu na nyumbani aulize kama wana adrenalini, kama wana oksijeni, na kama kuna mhudumu usiku. Swali hilo halilipiwi, na jibu lake linaweza kukushangaza.

Usafiri nao ni uamuzi wa pesa. Bodaboda ni rahisi na inapenya foleni, lakini mgonjwa wa mzio mkali shinikizo lake la damu linaweza kushuka ghafla, na kumkalisha wima au kumsimamisha kunaweza kumuua. Anapaswa kulala chali miguu ikiwa juu, au kukaa ikiwa pumzi ndiyo inayomsumbua zaidi. Hapo tofauti ya nauli kati ya bodaboda na teksi, au hata bajaji ambamo mtu anaweza kulazwa na kushikiliwa, ni pesa ya kulipa bila kufikiri mara mbili.

Jambo jingine linalokatwa kwa ajili ya kubana matumizi ni muda wa kukaa hospitali. Mgonjwa amechomwa, amepata nafuu, uvimbe unashuka, ndugu wanaanza kuhesabu gharama ya kitanda na kumchukua nyumbani. Mzio mkali unaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila mtu kula wala kugusa kitu kipya. Aliyepata shida ya kupumua au aliyehitaji dozi zaidi ya moja asiruhusiwe kwa haraka. Usiku mmoja wodini una bei ndogo kuliko safari ya pili saa nane za usiku.

Je, kalamu za adrenalini zinazojichoma zenyewe, zile zinazoonekana kwenye filamu? Kwetu Afrika Mashariki ni adimu, na zikipatikana bei yake ni kubwa. Hata Marekani zimewatoa watu jasho: pakiti ya kalamu mbili za EpiPen iliyokuwa karibu dola 100 mwaka 2007 ilifika zaidi ya dola 600 mwaka 2016, hadi mkuu wa kampuni inayoziuza akaitwa bungeni kujieleza. Na kalamu hiyo huisha muda wake baada ya takriban mwaka mmoja au mwaka na nusu, iwe imetumika au haijatumika. Aliyewahi kupata mzio wa kutishia maisha na anaishi mbali na hospitali aongee na daktari kuhusu njia ya pili: kichupa cha kawaida na bomba la sindano vinavyotunzwa mbali na jua na joto, pamoja na mafunzo ya kuchoma kwa mtu mmoja au wawili wa nyumbani. Njia hiyo ni ya polepole na mikono hutetemeka, lakini gharama yake mtu wa kawaida anaiweza.

Vidonge vya aleji: rahisi kwa kidonge, ghali kwa siku

Sasa tuje kwenye uvimbe wa kawaida, ambao mtu anapumua vizuri na anaongea vizuri. Kama unawasha na umekuja pamoja na mabaka yanayowasha mwilini, mara nyingi ni mzio, na vidonge vya aleji vitasaidia. Dukani utakutana na makundi mawili. La zamani ni klofeniramini, ambayo wengi tunaiita Piriton hata kama ni ya kiwanda kingine. La pili ni setirizini na loratadini.

Klofeniramini inaonekana nafuu ukihesabu kidonge kimoja. Lakini nguvu yake huisha baada ya saa 4 hadi 6, hivyo unahitaji vidonge vitatu au vinne kwa siku, wakati setirizini ya miligramu 10 ni kidonge kimoja. Ukipiga hesabu ya siku nzima tofauti inakuwa ndogo sana, na mara nyingine inageuka. Kisha kuna usingizi. Dereva wa bodaboda, fundi wa mashine ya kupasua mbao, mama anayekaanga maandazi kwenye mafuta ya moto, mwanafunzi aliye kwenye mtihani: hawa wote wanalipa gharama ambayo haimo kwenye risiti. Setirizini nayo huwalegeza baadhi ya watu, loratadini hulegeza kidogo kuliko hiyo. Kama ningekuwa na uwezo wa kubadilisha desturi moja tu kwenye maduka yetu ya dawa, ningewaomba wauzaji waanze na kundi la pili.

Sindano je? Watu wengi huamini sindano kuliko kidonge, na wauzaji wanalijua hilo. Haidrokotisoni na deksamethasoni ni dawa nzuri zikitumiwa mahali pake, lakini huchukua saa kadhaa kufanya kazi na haziwezi kuchukua nafasi ya adrenalini. Mwaka 2021 Baraza la Ufufuaji la Uingereza liliziondoa kwenye matibabu ya kwanza ya kawaida ya mzio mkali. Kwa uvimbe mdogo usiotishia, kidonge cha setirizini kinakutosha. Na kuwe na tahadhari ya pekee kwa zile sindano za steroidi zinazokaa mwilini wiki kadhaa, ambazo mtu huchomwa kila uvimbe unaporudi. Zikirudiwarudiwa hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na huweza kuzima tezi zinazotengeneza homoni ya steroidi mwilini. Anayeitegemea sindano hiyo hajapona; anauahirisha ugonjwa huku akinunua mwingine.

"Ya presha tu, mwanangu"

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure na watu hufa.

Zungumza na muuza dawa yeyote mwenye uzoefu. Mama wa makamo anafika mdomo wa juu umevimba, hakuna mwasho, hakuna mabaka. Anaulizwa: "Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?" Anajibu: "Hapana, mwanangu." Akiulizwa mara ya pili, "Hata ya kila siku?", ndipo anaposema: "Ya presha tu, mwanangu. Hiyo nimeizoea, naimeza mwaka wa tatu huu." Kwake hiyo haihesabiki kuwa dawa, imekuwa sehemu ya chai ya asubuhi. Na kwa kuwa ameimeza muda mrefu bila tatizo, haamini kwamba inaweza kumgeuka leo.

Inaweza. Kuna jamii ya dawa za presha na za moyo ambazo majina yake kwenye pakiti huishia na herufi "pril": kaptoprili, enalaprili, lisinoprili, ramiprili. Dawa hizi huzuia kimeng'enya ambacho, pamoja na kazi zake nyingine, huvunja kemikali ya mwili iitwayo bradikinini. Bradikinini ikijaa, mishipa midogo ya damu hupitisha maji kwenda kwenye nyama laini, na midomo, ulimi na koo huvimba. Hutokea wiki ya kwanza, na hutokea pia baada ya miaka. Si mzio, na hapo ndipo kiini cha suala zima kilipo: setirizini, haidrokotisoni, hata adrenalini, haziufikii uvimbe huu ipasavyo, maana chanzo chake si histamini. Uvimbe hushuka wenyewe baada ya siku moja hadi tatu hivi, mgonjwa anashukuru vidonge alivyonunua, kesho anameza enalaprili kama kawaida. Baada ya wiki kadhaa unarudi, na safari hii unaweza kuwa kwenye koo.

Jambo hili linatuhusu Waafrika kuliko wengine. Katika utafiti mkubwa wa ALLHAT uliofanyika Amerika ya Kaskazini, ambao matokeo yake yalitolewa Desemba 2002 baada ya kufuatilia watu 33,357 wenye presha, uvimbe wa aina hii ulionekana zaidi kwa waliopewa lisinoprili kuliko waliopewa dawa nyingine, na miongoni mwa washiriki weusi kiwango kilikuwa juu zaidi. Bado ni wachache, chini ya mtu mmoja kwa kila mia. Lakini hesabu ni watu wangapi wanameza dawa za presha katika mtaa wako, utaona kwamba mmoja kati ya mamia si habari ya mbali.

Sasa linganisha. Upande mmoja: vidonge vya aleji kila mwezi, sindano, kipimo cha damu, pengine kulazwa na kuwekewa mpira wa kupumulia. Upande wa pili: kurudi kliniki ya presha siku hiyo hiyo, dawa ibadilishwe. Mbadala wa kawaida ni amlodipini, ambayo ni ya zamani, hataza yake imekwisha, inatengenezwa na viwanda vingi na bei yake haitofautiani sana na ya enalaprili. Ina kero yake, huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na ni haki yako kuambiwa hilo mapema. Losatani nayo hutumika, ingawa wachache waliovimba kwa "pril" huvimba na kwa hiyo pia, hivyo daktari aamue. Gharama nzima ya njia hii ni nauli, foleni na tofauti ndogo ya bei ya vidonge.

Mawili ya kushika hapa. Usiache dawa ya presha na kukaa bila mbadala, maana kiharusi hakingoji miadi ya mwezi ujao. Na dawa ikishabadilishwa, jina la ile ya zamani liandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye kadi au daftari lako la kliniki, lisije likaandikwa tena na daktari mgeni. Uvimbe unaweza kujitokeza tena katika wiki chache baada ya kuacha, kwa hiyo usikate tamaa ukaona mabadiliko hayakusaidia.

Dawa nyingine za kuziuliza kwa namna hiyo hiyo ni za maumivu: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki. Wengi ambao midomo huwavimba wakizimeza huvumilia parasetamoli, ambayo pia ndiyo ya bei ndogo. Dawa zenye salfa, kama Septrin na SP ya malaria, zina alama yao: mdomo huvimba na kuwa mweusi mahali pale pale kila mara mtu anapozimeza, na baada ya kupona baka hubaki. Lakini midomo ikivimba na kuchubuka pamoja na macho mekundu na malengelenge mwilini baada ya dawa hizo, huo ni ugonjwa wa kulazwa leo.

Vipimo: kipi ulipie, kipi ukiache

Maabara binafsi mijini zinatangaza vifurushi vya "kupima aleji" vya vyakula makumi kwa damu ya mara moja. Bei yake kwa wengi ni sehemu kubwa ya mshahara. Kabla hujalipa, jua unachonunua. Kipimo cha kingamwili za IgE huonyesha kwamba mwili unakitambua kitu fulani, na mtu anaweza kuwa na majibu chanya kwa ngano, mayai na maziwa huku akivila miaka yote bila shida. Kina thamani pale daktari anapopima vitu viwili vitatu alivyovishuku baada ya kusikiliza maelezo yako. Kifurushi cha vitu hamsini bila maelezo huzaa orodha ya makatazo, na nimeona familia zikimnyima mtoto mayai na maziwa kwa karatasi tu. Kipimo cha IgG cha vyakula usikilipie kabisa. Vyama vya wataalamu wa mzio vya Ulaya na Marekani vimekataa kukitambua kama kipimo cha mzio.

Kipimo ambacho kwa maoni yangu kina faida kuliko vyote hakina bei: daftari. Andika saa midomo ilipoanza kuvimba, ulichokula na kumeza katika saa mbili zilizotangulia, ulichopaka, kama iliwasha, na ilikaa muda gani. Uvimbe unaowasha na kupotea ndani ya siku moja au mbili unaelekea kwenye mzio. Usiowasha, usio na mabaka, unaokaa siku mbili hadi tano, na ambao baba au shangazi naye anao, unadai kipimo kingine kiitwacho C4. Hicho ni kipimo kimoja cha damu, na kikiwa chini kinafungua njia ya kutafuta ugonjwa wa kurithi ambao humpata takriban mtu mmoja katika 50,000. Dawa mpya za kuuzuia ugonjwa huo Marekani zinagharimu mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka. Huku kwetu madaktari hutegemea danazoli, asidi ya traneksami na plazima iliyogandishwa, ambazo ni dhaifu kuliko hizo mpya lakini zinapatikana katika hospitali kubwa na zimewabeba wagonjwa kwa miongo mingi.

Jino, embe na ganda la korosho

Mdomo uliovimba upande mmoja, wenye maumivu na joto, uangaliwe meno kwanza. Jipu la jino ni chanzo cha kawaida, na ndilo linalowafanya wengi wanunue antibayotiki nusu dozi. Antibayotiki huutuliza uvimbe, usaha unabaki ulipo, na baada ya mwezi unarudi. Kung'oa jino ni malipo ya mara moja na katika hospitali za umma bei yake ni ndogo. Kutibu mzizi kunaokoa jino lakini kunahitaji safari kadhaa na pesa nyingi zaidi, na kunafaa zaidi kwa meno ya mbele au kwa mtu mwenye uwezo wa kuimaliza tiba. Aliyeanza tiba ya mzizi akaiacha katikati amelipia vyote viwili. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu, mdomo ukashindwa kufunguka, nenda hospitali hata kama ni usiku.

Vitu vinavyogusa midomo vina orodha ndefu: lipstiki, dawa ya meno yenye ladha kali, rangi ya nywele, piko. Msimu wa maembe, watoto wanaomenya kwa meno hupata midomo iliyovimba na yenye vipele, kwa sababu utomvu na ganda la embe vina kemikali za jamii moja na zile za ganda la korosho. Watu wa Mtwara na Lindi wanajua mafuta ya korosho mbichi yanavyounguza ngozi, na anayeipasua kwa meno anayapaka mdomoni mwenyewe. Tiba hapa ni kuacha kitu hicho, kuosha kwa maji na sabuni, kupaka mafuta mazito yasiyo na manukato na, ikihitajika, krimu ya haidrokotisoni ya asilimia moja kwa siku chache. Mwembe haukatwi, embe humenywa kwa kisu na mtu asiye na shida nalo, nyama yake huliwa. Zile krimu kali za steroidi zinazouzwa kwa ajili ya kung'arisha ngozi zisifike midomoni. Ngozi ya pale ni nyembamba mno.

Malengelenge madogo ya virusi hupona yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Krimu ya asiklovia hufupisha muda huo kidogo sana, kwa hiyo anayekosa pesa ya krimu hajakosa mengi.

Kuna uvimbe mmoja wa kutolinganishia bei hata mara moja: mdomo wa chini wa mtu mwenye ualbino, uliovimba, uliokauka na kupasuka, wenye kidonda kisichopona kwa wiki tatu au nne. Jua hufanya kazi ya polepole pale, na saratani huanzia kwenye kidonda cha namna hiyo. Mafuta ya mdomo hayatoshi. Anahitaji mtaalamu wa ngozi na kipande kidogo cha nyama kukatwa na kupimwa, na kufanya hivyo mapema ni operesheni ya muda mfupi chini ya ganzi, wakati kuchelewa ni upasuaji wa kuondoa sehemu ya uso na mionzi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika tangu 1992, na wengi wao ni maofisa tabibu wanaofanya kazi katika hospitali za mikoa na wilaya. Uliza hospitali ya wilaya yako kama yupo mmoja wao, na anakuja siku gani.